Mayotte baada ya Chido: Ahadi ya usawa yasubiri mwaka 2031

KUANZIA Januari 2025, mkazi wa Mayotte aliyetaka kununua bati la kuezekea nyumba yake alitakiwa kwanza kutoa kitambulisho na uthibitisho wa mahali anapoishi. Amri hiyo ilitolewa na mwakilishi wa serikali ya Ufaransa kisiwani humo wiki chache baada ya kimbunga Chido kung'oa mapaa ya maelfu ya nyumba, na Februari 24 mwaka huo ikaingizwa katika sheria ya dharura iliyopitishwa mjini Paris. Lengo lililotajwa lilikuwa kuzuia vibanda vya mabati visiote upya milimani. Aliyekuwa na hati alipata bati. Asiyekuwa nayo alizunguka mabondeni akiokota vipande vilivyopeperushwa na upepo, akavinyoosha kwa jiwe na kuvigongomelea tena juu ya miti ileile. Vibanda viliota upya.

Kisa hicho cha bati kinaeleza hali ya Mayotte kuliko hotuba nyingi zilizotolewa tangu kimbunga kipite. Ni kisiwa kilicho katika Bahari ya Hindi, kati ya Msumbiji na Madagaska, lakini sheria zake hutungwa umbali wa kilomita 8,000. Kina wakazi zaidi ya 320,000, ambao ni raia wa Ufaransa na wahamiaji kutoka visiwa jirani, na aghalabu makundi hayo mawili ni watu wa ukoo mmoja. Swali lililo mbele yao ni iwapo Paris, iliyowapa hadhi ya mkoa kamili wa Ufaransa mwaka 2011, itawapa pia maisha yanayofanana na hadhi hiyo, na wakati huohuo itafanya nini na nusu nyingine ya wakazi ambao haiwatambui kuwa wake.

Kisiwa cha jirani

Mayotte, au Maore kwa lugha ya wenyewe, ni kisiwa cha nne cha funguvisiwa la Komoro, pamoja na Ngazija, Anjouan (Nzuwani) na Mwali. Eneo lake la nchi kavu ni kilomita za mraba 374 tu, dogo kuliko hata Pemba. Kuna kisiwa kikubwa, Grande-Terre, palipo na mji wa Mamoudzou, na kisiwa kidogo, Petite-Terre, palipo na uwanja wa ndege wa Pamandzi na ngome ya kale ya Dzaoudzi. Watu huvuka kati ya visiwa hivyo kwa kivuko kila siku kwenda kazini.

Utajiri wake mkubwa wa asili uko majini. Mwamba wa matumbawe umekizunguka kisiwa karibu pande zote na kufungia ndani yake maji tulivu yenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,000, mojawapo ya maeneo makubwa ya aina hiyo duniani. Kuna mahali mwamba huo ni wa pande mbili, jambo adimu sana. Kasa hutaga mayai katika fukwe za Moya na N'gouja, na nyangumi hupita na watoto wao katika miezi ya baridi. Nchi yenyewe ni vilima vilivyotokana na volkano ya kale. Mlima Bénara, ulio mrefu kuliko yote, una mita 660, na ule wa Choungui kusini umesimama kama pia iliyopinduliwa.

Volkano hizo hazijalala zote. Mei 2018 ardhi ilianza kutetemeka, wakati mwingine mara kadhaa kwa siku, na familia nyingi zikalala nje kwa hofu. Mwaka mmoja baadaye wanasayansi waligundua chanzo chake: volkano mpya iliyozaliwa chini ya bahari, kilomita 50 mashariki ya kisiwa, ikiwa na kimo cha mita 800 na ushei kutoka sakafu ya bahari. Imepewa jina la Fani Maoré. Kwa sababu yake kisiwa kizima kilididimia kwa karibu sentimeta 20 na kusogea kidogo kuelekea mashariki.

Msomaji wa Mombasa au Unguja hatajiona mgeni sana akifika huko. Shimaore, lugha ya wenyeji wengi, ni ndugu wa Kiswahili katika kundi moja la lugha za Kibantu za pwani. Maji ni maji, nyumba ni nyumba, na hesabu huenda moja, mbili, traru, nne, tsano. Anayesikiliza mazungumzo sokoni Mamoudzou atashika neno hapa na pale, adhani ameelewa, kisha apotee. Katika vijiji kadhaa husemwa Kibushi, ambacho asili yake ni Kimalagasi, ukumbusho wa Wasakalava waliovuka kutoka Madagaska. Zaidi ya tisa ya kumi ya wakazi ni Waislamu. Msikiti wa Tsingoni una kibla chenye maandishi ya mwaka 1538, wakati Ufaransa ilikuwa haijawahi kukisikia kisiwa hicho. Leo ndio msikiti mkongwe kuliko yote inayotumika katika ardhi ya Ufaransa.

Wanawake hujipaka msindzano usoni kama wenzao wa pwani wanavyojipaka liwa, huvaa mavazi ya nguo mbili yaliyo jamaa na leso, na hukusanyika kwa kasida za deba huku wamejipanga safu kwa safu. Kisamvu cha nazi huitwa mataba. Nyumba ni mali ya mwanamke: baba humjengea binti, na mume ndiye anayehamia kwa mkewe. Desturi hiyo imewapa wanawake wa Maore sauti ambayo historia ya kisiwa hicho haiwezi kusimuliwa bila kuitaja.

Wanawake waliowatekenya mawaziri

Ufaransa iliipata Mayotte kwa kuinunua. Aprili 25, 1841, Andriantsoly, mfalme wa Kisakalava aliyekimbia vita Madagaska na kukitawala kisiwa hicho, alikikabidhi kwa Wafaransa kwa malipo ya piasta 1,000 kwa mwaka. Utumwa ulipigwa marufuku hapo mwaka 1846, miaka miwili kabla ya makoloni mengine ya Ufaransa. Visiwa vingine vitatu vilichukuliwa miongo kadhaa baadaye, na vyote vinne vikatawaliwa kwa pamoja, kwanza chini ya Madagaska, kisha kama himaya moja yenye makao yake Dzaoudzi.

Mgogoro wa leo ulianza pale makao hayo yalipohamishiwa Moroni, Ngazija, kwa uamuzi wa mwaka 1958 uliotekelezwa katika miaka ya 1960. Watumishi waliondoka, na mzunguko wa fedha ukaondoka nao. Watu wa Maore, waliokuwa wachache, walianza kuogopa kutawaliwa na majirani zao wenye idadi kubwa. Wanawake wakiongozwa na Zéna M'déré waliibuka na silaha ambayo polisi hawakuwa na dawa yake: kila waziri kutoka Moroni alipokanyaga Mayotte, walimzingira na kumtekenya mpaka akimbilie chomboni. Kauli yao ilikuwa kwamba walitaka kubaki Wafaransa ili wawe huru. Kwa bara lililokuwa likishusha bendera za wakoloni mmoja baada ya mwingine, hiyo ilikuwa kauli ya ajabu, na hata sasa Waafrika wengi huishangaa. Lakini wao hawakuwa wakiilinganisha Paris na uhuru. Waliilinganisha na Moroni.

Katika kura ya maoni ya Desemba 22, 1974, visiwa vyote kwa jumla viliamua kujitawala kwa karibu asilimia 95, lakini Mayotte asilimia 63.8 walisema hapana. Julai 6, 1975, Ahmed Abdallah alitangaza uhuru bila kungoja Paris. Bunge la Ufaransa nalo likaamua kuhesabu kura kisiwa kwa kisiwa. Umoja wa Mataifa uliipokea Komoro mwezi Novemba mwaka huo ikiwa nchi ya visiwa vinne, na Februari 6, 1976, wajumbe 11 wa Baraza la Usalama, Tanzania ikiwamo, waliunga mkono azimio la kuitaka Ufaransa isimamishe kura nyingine iliyokuwa imepangwa Mayotte. Ufaransa ilitumia turufu yake. Siku mbili baadaye kura ikapigwa, na waliotaka kubaki na Ufaransa wakawa zaidi ya asilimia 99.

Miaka iliyofuata haikuwapa watu wa Maore sababu ya kujuta. Komoro huru ilipita katika mapinduzi na majaribio ya mapinduzi zaidi ya 20, mengine yakiongozwa na mamluki Bob Denard. Mwaka 1997 Anjouan yenyewe ilijitenga na kuomba kurudishwa chini ya Ufaransa, ombi ambalo Paris ililikataa. Machi 2008, majeshi ya Umoja wa Afrika, yakiwamo ya Tanzania, yalipoingia Anjouan kumng'oa Kanali Mohamed Bacar, mtawala huyo alikimbilia Mayotte kwa boti, njia ileile wanayoitumia raia wake maskini.

Machi 29, 2009, wapiga kura wa Mayotte waliitikia kwa asilimia 95 hoja ya kukifanya kisiwa chao mkoa wa Ufaransa. Machi 31, 2011 kikawa mkoa wa 101, na tangu Januari 1, 2014 ni sehemu ya Umoja wa Ulaya. Kwa gharama yake: makadhi walivuliwa mamlaka ya kuhukumu, ndoa za mitara zikapigwa marufuku, na kila mtu akatakiwa kuwa na jina la ukoo la kudumu badala ya desturi ya mtu kuitwa kwa jina lake na la baba yake. Wengi waliyakubali hayo wakiamini kwamba mkataba una pande mbili.

Uchumi wa mabawa

Upande wa pili umekuwa mzito kutimia. Hadi mwaka 2025, kima cha chini cha mshahara Mayotte kilikuwa kama robo tatu ya kile cha Ufaransa bara, na posho ya wasio na kipato ilikuwa nusu. Takwimu za serikali za mwaka 2018 zilionyesha kuwa asilimia 77 ya wakazi waliishi chini ya mstari wa umaskini wa taifa hilo. Sensa ya mwaka 2017 ilikuta nyumba nne katika kila kumi ni za mabati, na karibu kaya tatu katika kumi hazina bomba la maji ndani wala uani. Nusu ya wakazi hawakuwa wamefikisha miaka 18. Shule nyingi husomesha kwa zamu, kundi moja asubuhi na jingine mchana.

Zamani kisiwa kiliishi kwa mashamba. Miwa ya karne ya 19 ilishindwa. Ikafuata vanila, na milangilangi ambayo maua yake yaliendeshwa kwa mvuke kupata mafuta ya manukato yaliyouzwa Ufaransa. Biashara hiyo leo imebaki kumbukumbu na mashamba machache. Wakulima bado wanalima ndizi na mihogo kwa chakula cha nyumbani, na wavuvi wanatoka. Lakini mauzo ya nje ni kiduchu, na karibu kila kitu kinachouzwa madukani huingia kwa meli kupitia bandari ya Longoni. Mhimili wa uchumi ni mshahara wa serikali: walimu, wauguzi, polisi na makarani ndio wanaotia fedha katika mzunguko, na fedha hizo hurudi Ulaya kwa njia ya bidhaa.

Mfano ulio wazi ni mabawa. Neno hilo halihitaji kutafsiriwa kwa msomaji wa Kiswahili: ni mabawa ya kuku yaliyogandishwa, yanayoletwa katika maboksi kutoka ng'ambo, ambayo yamekuwa kitoweo cha kila siku cha maskini na cha arusi pia. Mwishoni mwa mwaka 2011, miezi michache tu baada ya kisiwa kupandishwa hadhi, bei yake ilikuwa miongoni mwa sababu za mgomo uliofunga maduka na barabara kwa zaidi ya mwezi mzima. Ng'ombe wako Madagaska, kuku wako pwani ya Afrika Mashariki, lakini kanuni za afya na ubora za Ulaya hufanya iwe vigumu mno kwa nyama ya jirani kuingia. Hivyo kisiwa kilichozungukwa na nchi za wafugaji hula kuku aliyesafiri nusu ya dunia, na kumlipia nauli.

Hata hivyo, kwa mtu anayeishi Anjouan, umbali wa kilomita 70, Mayotte ni nchi ya neema. Pato la wastani la mkazi wake ni kama theluthi moja ya lile la Ufaransa, lakini ni mara kadhaa ya lile la Komoro. Kuna hospitali inayotibu, shule isiyolipiwa, na kibarua kinacholipwa kwa euro. Ni tofauti hiyo, na si siasa za bendera, inayojaza boti.

Bahari iliyowekewa mlango

Kabla ya mwaka 1995 watu walivuka kati ya visiwa hivyo bila idhini ya mtu, kwenda arusini, mazikoni au sokoni. Januari mwaka huo serikali ya waziri mkuu Édouard Balladur iliweka sharti la viza kwa raia wa Komoro. Tangu hapo wanaovuka hutumia kwassa-kwassa, boti nyembamba za uvuvi zenye mashine ya nyuma, zinazoondoka usiku zikiwa zimepakia kupita kiasi. Wajawazito hupanda, wagonjwa hupanda, watoto hutumwa peke yao. Taarifa ya Seneti ya Ufaransa ya mwaka 2012 ilitaja makadirio ya kati ya watu 7,000 na 10,000 waliokufa katika mkondo huo tangu viza ianze. Hakuna makaburi yanayolingana na idadi hiyo upande wowote.

Wanaofika hukamatwa kwa wingi. Kila mwaka Mayotte hurudisha watu zaidi ya 20,000, idadi ambayo mikoa mingine ya Ufaransa haiikaribii, na wengi wao hurejea baada ya wiki chache. Aprili 2023 serikali ilianzisha operesheni kubwa ya polisi iliyoitwa Wuambushu ya kubomoa vibanda na kufukuza wasio na hati. Komoro ikakataa kwa muda meli yenye waliofukuzwa isitie nanga Mutsamudu, na mahakama ya Mamoudzou ikasimamisha ubomoaji wa mtaa wa kwanza kabla ya kuruhusiwa tena mwezi uliofuata.

Sensa ya 2017 ilikuta asilimia 48 ya wakazi si raia wa Ufaransa. Takwimu hiyo hurudiwa katika kila mkutano wa hadhara. Inayosahauliwa ni nyingine ya sensa hiyohiyo: theluthi moja ya hao wanaoitwa wageni walizaliwa Mayotte. Ni watoto waliosoma Kifaransa shuleni, wasio na kumbukumbu ya Anjouan, wanaofikisha miaka 18 bila karatasi ya nchi yoyote itakayowaruhusu kufanya kazi. Baadhi yao huingia katika magenge yanayotupia mawe mabasi ya wanafunzi. Hofu ya wakazi juu ya magenge hayo ni ya kweli, na viongozi wa Paris ambao hawajawahi kupanda basi la Kawéni alfajiri hawana haki ya kuidharau.

Wageni wenyewe siku hizi hawatoki Komoro pekee. Katika miaka ya karibuni wamefika watu kutoka Kongo, Burundi, Rwanda na Somalia, wengi wakipitia pwani ya Tanzania na kisha Komoro, kuomba hifadhi katika ardhi ya Ufaransa iliyo karibu zaidi nao. Mwaka 2023 walipiga kambi ya maturubai katika uwanja wa michezo wa Cavani, mjini Mamoudzou, na Kiswahili kikawa lugha ya kupikia na kufulia hapo. Wenyeji waliandamana na kufunga barabara kwa wiki kadhaa mwanzoni mwa 2024, na kambi ikavunjwa.

Kiu, kisha upepo

Mwaka 2023 mvua zilipungua. Kisiwa hutegemea zaidi mabwawa mawili, la Combani na la Dzoumogné, na kiwanda kimoja cha kuondoa chumvi katika maji ya bahari. Kuanzia Septemba wakazi walipata maji ya bomba siku moja katika kila tatu, na serikali ikagawa maji ya chupa. Ndipo raia wengi wa Ufaransa bara walipotambua kwamba kuna mkoa wa nchi yao ambako watu hupanga ndoo.

Chido kilifika Desemba 14, 2024 kikiwa na upepo uliozidi kilomita 220 kwa saa, kimbunga kikali kuliko vyote vilivyokipiga kisiwa hicho kwa miaka 90, kabla ya kuendelea hadi Cabo Delgado, Msumbiji. Vilima vyote viligeuka rangi ya udongo kwa saa chache, kana kwamba vimeunguzwa. Mnara wa kuongozea ndege, hospitali na shule viliharibika. Mitaa ya mabati ilifagiliwa. Mwakilishi wa serikali alisema waliokufa huenda wakawa mamia, pengine maelfu. Hesabu rasmi iliishia kwenye watu 40, na wengine wapatao hao hawakuonekana. Tofauti kati ya kauli hizo mbili haijaacha kuzungumzwa. Wasio na hati waliogopa kwenda katika makimbilio wakidhani ni mtego wa polisi, na kwa desturi ya Kiislamu maiti huzikwa mapema, mara nyingi siku hiyohiyo, na jirani walio karibu.

Rais Emmanuel Macron alifika siku tano baadaye. Alipozomewa na wakazi waliokosa maji, aliwajibu kwa ukali kwamba bila Ufaransa hali yao ingekuwa mbaya mara elfu kumi zaidi. Jibu hilo lilikuwa la kuudhi, na sehemu yake ilikuwa kweli. Wakazi wa Maore wamejua hivyo tangu 1975 na ndiyo sababu walipiga kura walivyopiga. Walichokuwa wakiuliza ni kwa nini Ufaransa yao haina mabomba ya Ufaransa nyingine.

Sheria mbili za 2025

Majibu ya Paris yalikuja kwa njia mbili mwaka 2025. Mei 12 ilitiwa saini sheria inayokaza masharti ya uraia wa kuzaliwa: mtoto aliyezaliwa Mayotte na wazazi wa kigeni hataweza kudai uraia isipokuwa wazazi wote wawili walikuwa wakiishi kihalali kwa mwaka mmoja au zaidi kabla hajazaliwa. Sehemu nyingine ya Ufaransa haina sharti hilo. Agosti 11 ikafuata sheria ya kujenga upya kisiwa, yenye ahadi ya uwekezaji wa zaidi ya euro bilioni 3 hadi mwaka 2031: maji, hospitali ya pili, shule na uwanja wa ndege mpya. Ndani yake yamo pia maneno ambayo watu wa Maore waliyangoja kwa miaka mingi, kwamba mishahara na posho zitalinganishwa na za Ufaransa bara ifikapo 2031.

Kipengele kimoja kilichokuwa katika muswada, cha kurahisisha serikali kutwaa ardhi za watu kwa ajili ya ujenzi, kilifutwa bungeni baada ya kupingwa vikali kisiwani. Ardhi nyingi Mayotte inamilikiwa kwa mila, bila hati, na familia ziliona kwamba zingetolewa katika mashamba ya mababu kwa jina la dharura. Suala la ardhi ndilo linaloweza kuzikwamisha fedha zote hizo, kwa kuwa huwezi kujenga kituo cha maji pahali ambapo mwenyewe hajulikani.

Kinachopingana ndani ya sheria hizo mbili si vigumu kukiona. Kisiwa kikitajirika, mvuto wake kwa Anjouan utaongezeka, na kadiri uraia unavyozidi kufungwa ndivyo vijana wasio na hati watakavyozidi kuwa wengi katika mitaa ileile. Polisi wa majini wanaweza kupunguza boti. Hawawezi kupunguza tofauti ya kipato iliyoko kati ya kingo mbili za mkondo wa kilomita 70. Misaada ya Ufaransa kwa Komoro ipo, lakini imekuwa ikisimama na kuanza kufuatana na ugomvi wa viza na boti, na utawala wa Rais Azali Assoumani una sababu zake za kutumia wahamiaji kama turufu.

Siasa za ndani nazo zimegeuka. Mwaka 2022 Marine Le Pen alipata asilimia 59 ya kura za Mayotte katika duru ya pili ya uchaguzi wa rais, katika mkoa wenye Waislamu wengi kuliko wowote wa nchi yake. Mwaka 2024 mmoja wa wabunge wawili wa kisiwa hicho, Anchya Bamana, alichaguliwa kwa tiketi ya chama chake. Baba yake, Younoussa Bamana, alikuwa kiongozi wa harakati za kubaki na Ufaransa.

Upande wa majirani, msimamo haujabadilika. Umoja wa Afrika na Umoja wa Mataifa huihesabu Mayotte kuwa ya Komoro. Katika Kamisheni ya Bahari ya Hindi, Macron alishawishi wakuu wenzake mjini Antananarivo, Aprili 2025, waikaribishe Mayotte, Komoro ilikataa. Katika Michezo ya Visiwa vya Bahari ya Hindi ya mwaka 2015, wanamichezo wa Komoro walijitoa kwa sababu wenzao wa Mayotte waliandamana nyuma ya bendera ya Ufaransa.

Lipo jambo moja katika sheria ya Agosti ambalo halikupewa vichwa vya habari. Hadi sasa mgeni mwenye kibali halali cha ukaazi kilichotolewa Mayotte hawezi kukitumia kusafiri hadi Paris wala Réunion. Kibali chake huishia kwenye mwamba wa matumbawe. Sharti hilo, linalofanya kisiwa kubeba peke yake mzigo ambao ni wa taifa zima, sheria imepanga liondolewe mwaka 2030. Mwaka mmoja kabla ya siku hiyo ya usawa wa mishahara, na baada ya uchaguzi wa rais wa mwaka 2027, ambao mshindi wake atakuwa na uwezo wa kuibadili tarehe hiyo kwa kura moja ya bunge.